Uliwahi kushinda kesi ya ardhi halafu Mahakama ya Rufani wakaifuta yote? Tupeane uzoefu

Wakuu habarini. Naanza na yangu.

Kiwanja alituachia marehemu mzee, jirani akasogeza fensi kama mita nne ndani kwetu, tukaenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya, mwenyekiti akaja mpaka saiti wakavuta futi kamba, tukashinda. Jamaa akakata rufaa Mahakama Kuu tukashinda tena. Akaenda Rufani, mahakama ya juu kabisa Tanzania. Kule hata habari ya fensi haikuguswa, majaji wamefungua faili wameuliza kitu kimoja tu, maoni ya wazee wa baraza (wajumbe wanaokaa na mwenyekiti) yako wapi? Kwenye hukumu mwenyekiti kaandika tu kwamba wajumbe wamekubaliana nae, ila kwenye mwenendo (kumbukumbu za yaliyosemwa barazani) hakuna mahali panaonyesha maoni yalisomwa mbele yetu kabla ya hukumu. Basi. Mwenendo na hukumu zote mbili vikabatilishwa, tuanze upya kwa mwenyekiti mwingine na wajumbe wengine, gharama kila mtu abebe zake. Miaka saba hiyo, na shahidi wetu mmoja keshafariki.

Kinachouma kosa sio langu wala la jirani, ni la baraza lenyewe. Ila kwa haki ya Mungu siwalaumu majaji, sheria inataka mwenyekiti akae na wajumbe wasiopungua wawili, sasa kama maoni yao hayaonekani utajuaje walishiriki au walikuja kukaa tu (wetu mmoja alikua anasinzia kabisa).

Mdau wa 2: Pole sana mkuu. Mie nilienda Rufani mwenyewe bila wakili, notisi ya kukata rufaa nikaiweka ndani ya siku 30 vizuri, barua ya kuomba mwenendo na nakala za hukumu nikaandika vizuri, ila mpinzani sikumpelekea nakala ya ile barua. Sikujua! Kumbe usipompelekea, zile siku za kusubiri nyaraka hazitolewi kwenye hesabu, siku 60 za kuleta rufaa zinakua zimeisha zamani. Kipande cha karatasi tu kimeniondoa.

Mdau wa 3: Poleni. Mimi nipo kwenye hizi kazi, watu wengi wanachanganya, shauri likiondolewa mahakamani kwa kasoro unaweza kurekebisha ukarudi, likitupiliwa mbali ndo imetoka hiyo. Kwahiyo mdau wa 2 hujafa bado, omba kuongezewa muda, ila ueleze kila siku uliyochelewa, hata moja usiiruke. "Sikujua sheria" usiandike kabisa, hiyo haijawahi kumuokoa mtu.

Mdau wa 4: Kaka yangu alienda moja kwa moja baraza la wilaya akarudishwa siku hiyohiyo. Toka marekebisho ya sheria ya 2021 baraza la kata haliamui tena kesi za ardhi, linasuluhisha tu, ila huko wilaya hawakusikilizi mpaka kata wathibitishe usuluhishi umeshindikana. Na kata wakikaa siku 30 bila kumaliza unaruhusiwa kuendelea mbele.

Mleta mada: Asanteni, mdau wa 3 nakuja pm. Letu linatajwa tena wiki ijayo, safari hii nimenunua kaunta buku naandika kila kinachosemwa, na siku ya maoni ya wajumbe mwenyekiti akitaka kuruka nanyoosha mkono, wanitoe nje wakitaka.