Depite wetu anasema alipigana mu bajeti na ma-edi: tutajua je kama ilifanyika?

Mama_wa_Katuba
Jambo yenu bote. Mi ni mama wa Katuba, komini moya ya hapa Lubumbashi mu Kongo, ninauzisha bunga na makala ya kupikia ku soko, mambo ya politike sikuisomea. Juzi mu grupu ya WhatsApp ya avenue yetu, depite (mbunge) wa jimbo, ule tulichagua 20 desemba 2023, alituma odio murefu: eti mu hii sesio alifanya kazi sana, alivotesha ma-edi, alipigana mu bajeti mpaka wakaongeza feza ya mabarabara. Batu bakaanza kuandika mersi honorabu, mersi honorabu. Mi nikanyamaza. Juu kanivo, mufereji ya mayi ya mbele ya kwetu, iliziba tangu mvua ya mwaka jana, mayi inaingia mpaka mu chumba ya batoto, makitabu ya masomo inalowana, na hakuna mutu alifika hata kuangalia.

Sisemi anadanganya. Ninataka paka kuelewa. Edi ni kitu gani? Depite anaweza kweli kuongeza feza mu bajeti, ao ni gavana njo anaamua? Na mutu kama mi, nitafanya je nijue ile alisema ilifanyika? Bapapa na bayaya benye kujua, munisaidie, na muandike polepole juu nitasomea bengine ku soko.

Papa_BelAir
Mama, jambo sana, na pole ya ile mayi. Mi niko retreti, lakini miaka mingi nilikuwa mwandishi mu kazi ya leta (serikali), marapori ya bajeti ilikuwa inapita mu mikono yangu, basi nitakuelezea vile nilionaka.

Edi ni sheria ya jimbo. Kule Kinshasa banavota sheria ya inchi yote, hapa kwetu Asambele, ni kusema bunge ya jimbo, inavota edi. Iko mu Katiba ya 18 februari 2006, artikle 197. Artikle 204 inataja mambo ya jimbo peke yake, na ndani muko vitu unaguswa nayo kila mwaka: impô (kodi) ya parseli, impô ya nyumba za kupangisha, impô ya motokari. Muko tena kazi za ujenzi za faida ya jimbo. Kwa hiyo edi haiko karatasi ya mbali, ile takse ya jimbo banakuyaka kukuomba pa mulango lazima iwe na edi nyuma yake, ukikosa kuiona una haki ya kuuliza.

Sasa bajeti. Depite haandike bajeti. Serikali ya jimbo, gavana na baministri bake, njo inaandika muradi, halafu inaupeleka ku Asambele mu sesio ya mwezi ya tisa, njo maana banaiita sesio ya bajeti. Gavana anasoma mbele ya plenieri, kikao ya madepite bote, madepite banauliza maswali, anajibu, kisha karatasi yote inaenda mu komisio ya feza, ECOFIN. Mama, pale njo kazi yenyewe. Mu plenieri kila mutu anasema vizuri juu kamera iko, lakini mu komisio munakaa siku nzima mpaka usiku, rubrike (mustari ya bajeti) moya kwa ingine, ministri anaitwa aeleze kwa nini mafuta ya magari yake inapita dawa za santre ya afia, mukubwa wa mapato anaitwa aeleze kwa nini anaahidi hesabu hii wakati mwaka uliopita hakufika hata nusu. Depite mwenye kusoma karatasi usiku unamujua. Mwenye hakusoma naye unamujua.

Anaweza kuongeza? Anaweza kuomba, lakini hawezi kuongeza ya bure. Akitaka feza ya kanivo ipande, lazima aonyeshe inatoka wapi, ni matumizi gani itapungua ao ni mapato gani mupya. Kwa Bunge ya Kinshasa iko vile, na hapa ku jimbo pia banafuata njia ile ile. Kwa hiyo akisema "niliongezesha feza ya mabarabara", we muulize kwa heshima: honorabu, mulipunguza wapi? Mwenye alikuwa mu ile komisio atakujibu palepale.

Kijana_Ruashi
Papa unasema vizuri na ninakuheshimu lakini batu bajue ukweli, kuvota haiko kulipa. Artikle 175 inasema 40% ya mapato ya inchi ni ya majimbo, na ikatwe palepale kwenye inaingilia, lakini tangu ile Katiba imetoka majimbo inalia kilio kimoya: Kinshasa inakusanya yote kwanza halafu inarudisha, njo banaita retrosesio, inakuya kidogo na inachelewa. Tena 2015 banaikata Katanga mu majimbo ine, Kolwezi na shaba yake inaenda Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika nazo zinaenda zao, sisi tunabakia Haut-Katanga. Depite anaweza kupigana mu komisio mpaka asubuyi, kama feza haifike ile rubrike inabakia namba paka namba. Mi nachoka kuona batu banapigia makofi namba.

Papa_BelAir
Mwana, kwa 40% uko na haki kabisa, ile kilio naijua. Lakini usiwapatie pa kujifichia. Kodi ya mine, ni kusema sheria ya madini, ya 9 marsi 2018 ilibadilisha kitu kikubwa. Redevanse ya mine, feza kampuni inalipa serikali juu ya madini inauzisha, inagawanywa hivi: 50% Kinshasa, 25% jimbo, 15% komini ao sheferi ao sekta kwenye mine iko, 10% mufuko ya vizazi vinakuya. Na ile 25% haizunguke tena Kinshasa, kampuni inalipa moya kwa moya mu konti ya jimbo. Redevanse ya shaba ni 3,5%, ya kobalti 10%, juu kobalti inahesabiwa kati ya madini za strateji. Kwa jimbo kama yetu ile haiko feza ya maandazi. Basi depite akisema "Kinshasa haikutuma", muulize: na redevanse? Iliingia ngapi mwaka huu, ilienda wapi?

Mama, na kwako Katuba ujue hivi: ile 15% inaendaka ku komini yenye mine ndani yake. Ruashi iko na mine. Katuba haina. Kwa hiyo Katuba inangojea sana ile ya jimbo, na njo maana kazi ya depite inakugusa we kuliko hata mutu wa Ruashi.

Tantine_Kenya
Mi wa komini Kenya, hapa Lubumbashi, niliuliza depite wangu mu mukutano "rubrike gani, namba gani", akasema maswali kama hizo ni za maadui wake. Nilirudi nyumbani na uchungu. Mama, uende na batu bengine, usiende peke yako.

Mwalimu_Kalebuka
Salamu kwenu. Mimi nilikulia Kalemie, Kiswahili changu kiko tofauti kidogo, mnivumilie.

Mama, wenzangu wamekueleza bajeti ya mbele. Mimi nakuomba uangalie ile ya nyuma. Kuna edi moja watu hawaizungumzii: ile ya kuhesabia bajeti ya mwaka uliopita, wanaiita redisio ya makonti. Pale serikali ya jimbo inatakiwa ionyeshe ilikusanya ngapi na ilitumia ngapi, rubrike kwa rubrike, mbele ya wale wale waliovota. Kuongeza namba mwezi wa kumi na mbili ni rahisi. Kumuuliza ministri miezi baadaye "tulikupa hii ya kanivo, iko wapi?" ndiyo inayohitaji roho, kwa sababu yule ministri anaweza kuwa wa chama chako mwenyewe. Tena madepite hao ndio wanaochagua gavana na maseneta, basi urafiki ni mwingi, na swali gumu linauma pande zote mbili. Mimi depite nampima hapo tu.

Na silaha wanazo: kestio (swali) ya kuandika au ya mdomo, interpelasio (kumwita ministri ajieleze), komisio ya uchunguzi, motio (kura ya kumlaumu). Kwa hiyo usimuulize tu alivota nini. Muulize: tangu uingie uliuliza kestio ngapi kwa maandishi, kwa ministri gani, na jibu lilikuja? Aliyeandika ana kopi na alama ya kupokelewa, anaweza kukupigia picha akakutumia kwenye ile ile grupu.

Mwaka fulani niliwapeleka wanafunzi wangu wa darasa la sita humaniti pale Bâtiment du 30 Juin, ile nyumba ya zamani ya teatre ambamo Asambele inakaa. Plenieri ni ya watu wote isipokuwa wakiamua kufunga milango. Tulikaa juu, watoto wakiandika nani anasema nini. Msichana mmoja aliniuliza njiani kwa nini yule aliyesema sana hakutaja namba hata moja, na yule mwembamba wa nyuma alisema dakika mbili tu lakini alikuwa na karatasi mkononi, akisoma. Sikuwa na cha kuongeza. Tangu siku ile nawaambia wazazi: nendeni mkakae pale hata mara moja kwa mwaka, depite anasema tofauti akiona watu wa karatiye yake wako juu.

Jambo la mwisho, kanivo yako. Ile ndogo ya avenue kwanza ni ya komini, si ya jimbo. Siku ile ya 20 desemba 2023 mlichagua pia makonseye (madiwani) wa komini, watu wengi wamewasahau. Andikeni barua, kaya zote za avenue zitie sahihi, kopi moja kwa burgumesti (mkuu wa komini), moja kwa konseye wenu. Lakini kama maji yanatoka kwenye barabara kubwa, yakishuka kwenu kwa sababu kolekta kubwa, mfereji mkuu, imeziba, hapo ni kazi ya juu ya komini, na depite anaingia. Nendeni kwanza muangalie maji yanatoka wapi.

Kijana_Ruashi
Mwalimu hapo kwa redisio ya makonti unanigusa, sikuwa ninaiwaza. Mama kama munaenda pale 30 Juin mi niko tayari kuwasindikiza, nitashuka na bisi mpaka pale tutaambizana.

Mama_wa_Katuba
Papa, Mwalimu, Tantine, na we mwana wangu wa Ruashi, aksanti sana. Nilisomea bamama wenzangu leo ku soko, tulikuwa saba, mpaka mukubwa mumoya akaacha kupima bunga akasikiliza. Asubuyi tulifuata mayi vile Mwalimu alisema, mi na bwana yangu na jirani mbili, tukapanda mpaka ku barabara kubwa. Inatoka kule juu. Kuna kanivo kubwa iliyojaa mchanga na mabidon, mayi inakosa njia inageukia kwetu. Tulipiga picha ine.

Barua tutaandika ya komini kesho, mutoto wangu wa masomo njo ataandika, na ya pili kwa depite. Kwake tutauliza vitu bitatu tu: rubrike ya ile feza ya mabarabara inaitwaka je, ilipunguzwa wapi, na mwaka uliopita ilitoka ngapi kweli. Picha nitaweka ndani. Tantine, siendi peke yangu, bamama ine beko wanakuya na mi. Kijana, sesio ikifunguka nitakuandikia hapa.