Naenda Bishkek mwezi wa tisa kusoma: baridi, chakula na maisha ya kule yakoje?

Binti wa Uyole

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Niko hapa Uyole, Mbeya. Nimepata nafasi ya kusoma udaktari Bishkek, mji mkuu wa Kirigizistani. Nyumbani kila mtu anaitamka nchi hiyo anavyoweza, bibi yangu anasema tu "kule kwa Waligizi". Baba ameuza viazi vya misimu miwili kunilipia ada ya kwanza, kwa hiyo safari ipo, si ya kubahatisha.

Anayenitia presha ni mama. Amekwenda Mwanjelwa mara tatu, na kila akirudi ana jaketi la mtumba mkononi. Mpaka leo yamefika matano, na moja lina manyoya shingoni, linanuka dawa ya nondo. Nikiyaweka yote kwenye sanduku, hapabaki nafasi hata ya kanga.

Naomba mwenye kuijua Bishkek anisaidie. Baridi yake ikoje kwa mtu aliyekulia Uyole? Unga wa kusonga unapatikana? Nikae hosteli au nipange chumba? Je, msichana mweusi anaishi kwa amani? Na wakala wetu anasema masomo ni ya Kiingereza, Kirusi si lazima. Ni kweli?

Ndaga fijo kwa atakayenijibu.

---

Mzee wa Soweto

Binti, Mbeya pana chuo cha udaktari, tena ni tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa nini uende kuganda huko?

---

Binti wa Uyole

Baba yangu, niliomba. Ushindani ni mkubwa, sikupata.

---

Mkinga wa Bulongwa

Mdogo wangu, mwambie mama asinunue jaketi la sita. Nilifika Bishkek Septemba 2021 na nimerudi mwaka jana, sasa nina duka Makambako. Nilikwenda kusomea uhandisi, na miaka ya mwisho nikawa natafuta nauli kwa kufunga mizigo ya watu soko la Dordoy. Nitakwambia niliyoyapata, siyo ya kwenye vipeperushi.

Kwanza, watu wanadhani unapanda mlimani, kumbe unashuka. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Bishkek ni kama 800 hivi. Milima mikubwa ya theluji iko pembeni, upande wa kusini, unaiona kama unavyoiona Loleza. Julai joto linapita nyuzi 35, na mimi mtoto wa Makete lilinitesa kuliko theluji. Kwa hiyo beba na nguo nyepesi.

Baridi ipo, sikatai. Desemba hadi Februari usiku unakuta nyuzi 10 chini ya sifuri, na siku mbaya hufika 20. Lakini hiyo ni ya nje. Ndani ya maghorofa yaliyojengwa enzi za Kisovieti kuna mabomba ya moto yanayotoka kwenye mtambo mmoja mkubwa wa mji, wanauita TETs, unaochoma makaa ya mawe. Wewe huna swichi. Mji ukiwasha, umewashiwa, na watu hukaa ndani na fulana huku dirisha wameliacha wazi kidogo. Baridi iliyoniliza mimi ilinikuta ndani, tena Oktoba. Nje kumeshapoa, mtambo bado haujafungulia nyumba, huwa wanasubiri mpaka karibu Novemba. Wiki mbili nililala na soksi mbili na kofia. Hiyo blanketi ya Kimasai uliyonayo, iweke sandukuni kabla ya jaketi lolote.

Jaketi moja la kufikia linatosha. Viatu usinunue huku kabisa. Mimi nilikwenda na raba za Mwanjelwa, nzuri za kutembelea Sokomatola. Theluji ilipoyeyuka na kuganda tena ikawa kioo. Nilianguka mara tatu ndani ya wiki moja, ya tatu nikiwa na mayai (kule wanauza kumikumi, siyo trei), na akina mama wa kituo cha basi wakanifuta ute kwa leso zao huku wakinigombeza kwa lugha nisiyoijua. Kesho yake nikaenda Dordoy kununua buti za soli nene. Dordoy ni kaskazini mwa mji, ni makontena ya meli yamepangwa mawili mawili, la chini duka, la juu stoo, mitaa na mitaa ya makontena, na bahari yenyewe hakuna katika nchi nzima. Kwa Mkinga, mfanyabiashara wa kuzaliwa, kufika pale ni kama kuhiji.

Sasa nikwambie kitu ambacho hukuuliza: moshi. Pembezoni mwa mji kuna vitongoji vipya visivyofikiwa na yale mabomba, na huko kila nyumba ina jiko la makaa ya mawe. Washa majiko hayo yote usiku mmoja wa Januari usio na upepo, ongeza magari na mtambo wenyewe, halafu mji umekaa chini ya milima kama bakuli. Kuna asubuhi milima huioni, na mdomoni una ladha ya kiberiti. Majira hayo Bishkek hutajwa mara kwa mara kati ya miji yenye hewa chafu kuliko yote duniani. Kama una pumu, mwambie daktari wako kabla ya kuondoka. Barakoa nunua zile nene za kubana, za kitambaa hazisaidii.

Hapo utapata na jibu la hosteli au kupanga. Mwaka wa kwanza kaa hosteli. Ukija kupanga, usifuate bei rahisi ya vile vitongoji vya makaa. Sisi wa nyanda za juu tunajua jiko la mkaa likilala chumbani na watu linafanya nini. Kule ni hivyo hivyo, kila msimu wa baridi kuna familia haiamki. Tafuta ghorofa lenye mabomba ya mji, hata kama mnachangia wanne. Na kabla ya kulipa hakikisha mwenye nyumba anakubali kukuandikisha kwenye anwani yake, maana mgeni anatakiwa awe ameandikishwa mahali anapolala. Kodi zilipanda sana 2022 Warusi wengi walipohamia, kwa hiyo usishangae kutajiwa bei kwa dola.

Hili la wakala wako kwamba Kirusi si lazima… nacheka kwa uchungu. Darasani sawa, mwalimu atafundisha kwa Kiingereza. Lakini mgonjwa wodini haongei Kiingereza. Bibi wa miaka sabini anayeumwa kifua atakueleza kwa Kikirigizi au Kirusi, na wewe ndiye unayetakiwa uandike historia yake. Anza leo. Anza hata kabla ya maneno, na herufi. Mimi nilikwenda bila kujua hata moja. Wiki ya kwanza nikaona pakiti nyeupe dukani yenye picha ya ng'ombe, nikachemshia chai. Ikakatika vipande vipande. Kumbe ni kefir, mtindi wao, na jina lilikuwa limeandikwa kubwa kabisa mbele ya macho yangu.

Herufi zenyewe zinadanganya kwa sababu zinafanana na zetu. Utaona pakiti imeandikwa CAXAP. C yao ni S, X ni H, P ni R. Soma sasa: sahar. Ni sukari! PECTOPAH ni restoran, basi ni mgahawa. Jioni nne tano zinatosha kuzimaliza zote 33. Kikirigizi kina nyingine tatu za ziada.

Na Kikirigizi usikiogope, kina ndugu zetu ndani yake, wale waliopita kwa Waarabu. Kitabu ni kitep, akili ni akyl, saa ni saat, sabuni ni samyn, dunia ni düynö, na mtu ni adam. Ahsante ni rahmat. Siku niliyomwambia muuza mkate kwamba kwetu pia tunasema akili, aliniongezea mkate mmoja bure akanitangaza kwa wenzake safu nzima.

Kutembea mjini ni rahisi. Mitaa imenyooka kama mistari ya daftari. Milima ikionekana, hiyo ndiyo kusini. Isipoonekana, angalia mifereji ya kando ya barabara, wanaiita aryk: maji yanashuka kwenda kaskazini. Usiku hiyo mifereji ina giza na haina mfuniko, nimeona wengi wakiogelea bila kupenda. Weka programu ya ramani ya 2GIS, inafanya kazi hata bila intaneti, na Yandex Go kwa teksi, bei unaiona kabla. Uwanja wa ndege wa Manas uko kama kilomita 25 kutoka mjini na madereva watakushika begi. Wewe kunja uso tu, agiza kwa simu.

Chakula. Sembe sahau kidogo. Sisi tulisonga kwa semolina, wanaiita manka, ipo kila duka. Mara ya kwanza utalalamika, mara ya tano utanyamaza. Viazi tele, kabichi, karoti, vitunguu, kwa hiyo mtu wa Uyole hafi njaa. Maharage yanalimwa kwa wingi bonde la Talas, ila wao wenyewe hawana habari nayo, wanayauza nje, hasa Uturuki. Wenzetu wa sokoni walikuwa wananiangalia nikila wali maharage kama mtu anayekula mbegu. Mchele wao wa heshima unatoka Uzgen, kusini, una rangi ya wekundu, na wanajivuna nao kama Wanyakyusa na mchele wa Kyela. Huo ndio wa kupikia plov, pilau yao: nyama ya kondoo na karoti za kukata nyembamba.

Kiangazi utaona kina mama wamekaa kando ya barabara na mapipa, wanauza maksym. Kunywa! Ni nafaka iliyochachushwa, togwa lenyewe, limezidi uchachu tu. Kumis ni mambo mengine, ni maziwa ya farasi jike yaliyochachuka. Mnywa ulanzi wa Iringa ataelewa, wewe anza na kikombe kidogo.

Adabu zao si ngeni. Viatu unavua mlangoni, mzee anapishwa kiti kwenye basi, mkate hauwekwi juu chini wala hautupwi.

Usalama, nisikufiche. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Mei 2024 makundi ya vijana yalivamia hosteli za wanafunzi wa kigeni, hasa Wapakistani, baada ya video ya ugomvi kusambaa. Watu kadhaa waliumizwa. Sisi tulijifungia siku tatu, na mwenye nyumba wetu, bibi wa Kirusi mwenye mdomo mkali, ndiye aliyetuletea mkate na maziwa. Hayo sikuyaona tena mpaka naondoka, lakini tangu hapo sikutembea usiku peke yangu. Mchana utaombwa picha mpaka uchoke, hasa Ala-Too, ule uwanja mkubwa wa katikati ya mji. Na wazee watakuita kwa neno la Kirusi litakalokukera masikio. Wengi wao hawakusudii tusi. Kuumia utaumia hata hivyo.

---

Mama wa Ipogolo

Kamwene wote. Kijana kaeleza vizuri, mimi nimsemeshe mzazi mwenzangu wa Uyole.

Mwanangu yuko mwaka wa tatu huko huko. Sisi tulilipa wakala mmoja hela ya hosteli ya mwaka mzima, mtoto alipofika akaambiwa imelipwa miezi miwili tu. Nililia mimi, akalia na baba yake kimyakimya bafuni. Kwa hiyo ada na hosteli lipeni kwenye akaunti ya chuo chenyewe, risiti muwe nayo. Na kabla ya hela yoyote nendeni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mkaulize kama chuo hicho kinatambulika, mpate na barua yao ya kutokuwa na pingamizi. Akirudi na shahada atafika Baraza la Madaktari, na pale kuna mtihani, hawaangalii sura.

Dola mpeni noti safi, zisizokunjwa wala kuandikwa kalamu, zilizochakaa kule wanazikataa. Wao wako mbele yetu masaa matatu. Nilikuwa nampigia saa tatu usiku nikimaliza vyombo, namkuta saa sita anasinzia na kitabu. Siku hizi tunaongea saa kumi na mbili jioni.

---

Binti wa Uyole

Nimemsomea mama yote. Hapo kwenye mayai amecheka mpaka ameshika ukuta. Akaunti ya chuo tunaiulizia kesho. Kaka Mkinga, swali la mwisho: nywele na ngozi?

---

Mkinga wa Bulongwa

Hilo waliniambia dada zetu. Rasta beba za kutosha mwaka mzima, na ujifunze kusuka mwenyewe au umpate mwenzio wa kusukana, saluni za kule watakushika nywele kwa mshangao tu. Ile hewa ya mabomba inakausha, midomo inapasuka, kwa hiyo mafuta ya mgando makopo mawili. Usiku weka taulo lenye maji juu ya bomba la moto chumbani.

Nafasi ikibaki weka kilo mbili za mchele wa Kyela. Nilimpikia bibi mwenye nyumba siku ya Nooruz, mwaka mpya wao wa tarehe 21 Machi, akafumba macho kwenye harufu kabla ya kula, na tangu siku hiyo nikawa nachelewesha kodi bila maneno.

Lile jaketi la manyoya mwachie baba. Mwezi wa saba hapo Uyole linamhusu.