Ghuba ya mita 5 kando ya mafunjo: vizimba vya ngege (samaki aina ya tilapia) vitafaa?

Swali (mkulima_wa_ziwa)
Wakuu, kuna ghuba ya Ziwa Victoria upande wa Jinja, Uganda, kina mita 5, mafunjo ufukweni, upepo hauifikii. Nyavu za vizimba zinashuka mita 3. Saa nne asubuhi, juu ya maji, nimepata oksijeni 6.8 mg/L (miligramu kwa lita), nyuzi 26, pH (kiwango cha asidi au alkali) 8.4. Niweke?

maji_kwanza
Hiyo 6.8 usiisherehekee. Saa nne mwani umeshaota jua na unatoa oksijeni. Pima saa kumi na moja na nusu alfajiri, baada ya mwani, samaki na tope kuivuta usiku kucha. Shusha kihisio cha kipimo nusu mita, mita 1.5, 3 na 4.5, ukikichezesha polepole mpaka namba itulie. Ikiwa chini ya 5 kwenye kitako cha wavu, ukuaji utadorora. Rudia siku tano, mojawapo baada ya mvua kubwa: maji ya kahawia yanayotoka kwenye mafunjo huwa na oksijeni kidogo mno.

fundi_vipimo
Kipimo ulikisawazisha kwa mwinuko gani? Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya bahari. Kikiachwa kwenye mwinuko sifuri kinazidisha kwa takriban asilimia 14, kwa hiyo 6.8 yako ni kama 5.9. pH nayo ipime tena alasiri, humo humo mtumbwini, si kwenye chupa uliyopeleka nyumbani. Ikifika 9 kwenye nyuzi 28, asilimia 40 hivi ya amonia yote (taka wanayotoa samaki) inageuka ile yenye sumu. Kwenye pH 7 haifiki hata asilimia 1.

nanga
Mimi naogopa huo utulivu. Tupa chungwa, linazama karibu lote, upepo haulisukumi. Likienda mita 10 kwa sekunde 100, mkondo ni sentimita 10 kwa sekunde, safi. Likichukua dakika kumi, kinyesi na chakula kilichobaki vitarundikana mita 2 tu chini ya samaki. Chota tope pia: likiwa jeusi na kunuka yai viza, dhoruba moja ikilitibua oksijeni inaisha.

mkulima_wa_ziwa
Nikifupisha wavu uwe mita 2?

nanga
Utapata nafasi ya mita moja zaidi, mkondo utabaki ule ule. Sogea kwenye mdomo wa ghuba, penye mita 8 au zaidi, halafu nunua kamba nene za nanga.