MREJESHO: Funguo zetu za umma tumezipeleka kwenye blokicheni

Wakuu, niliahidi mrejesho, huu hapa.

Niliuliza kama mimi na wenzangu sita, tunaotumiana mafaili yaliyofungwa kwa PGP (programu ya kuficha faili ili alisome mhusika tu), tunaweza kuweka funguo zetu za umma (zile unazowapa wengine wakufungie faili) kwenye blokicheni, yaani daftari la pamoja lenye nakala kwa watu wengi, lisilo na mwenyewe mmoja. Tukiziweka kwenye seva moja, seva ina mwenyewe, na akiamua kubadilisha ufunguo wa mtu hatutajua. Mkuu mmoja akanielekeza Namecoin, blokicheni iliyoanza 2011 kwa kutumia msimbo wa programu ya Bitcoin; humo unasajili jina na kulibandikia maelezo.

Nilianza kwa kubandika ufunguo wangu wa umma mzima, wa aina ya RSA, ambao ni mrefu. Ukagoma, maana maelezo ya jina moja mwisho wake baiti 520. Nikaweka alama ya kidole ya ufunguo tu (fingerprint, muhtasari mfupi wa kuutambua), herufi 40. Ufunguo wenyewe tunatumiana kwa barua pepe, kila mtu analinganisha na alama iliyo kwenye blokicheni. Usajili nao una subira yake: unatangaza jina likiwa limefichwa ili mjanja asikuwahi, unangoja bloku 12 (kurasa mpya za daftari hilo), kama saa mbili hivi, ndipo unalifichua. Mimi nilidhani programu imeganda, nikaizima mara mbili!

Kilichotutoa jasho ni laptopu ya mwenzetu kufa na pochi yake ndani (faili la siri linalokuruhusu kubadilisha jina lako kwenye Namecoin), nakala hana. Jina lake limebaki na alama ya ufunguo wa zamani, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Tunangoja bloku 36,000 zipite, kama miezi minane, muda wa jina uishe asajili upya, tukiomba asitokee wa kumuwahi.

Mkuu uliyesema pochi iwekwe nakala kwenye flashi, ulisema, tukapuuza. Jana sisi wengine wote tumenunua flashi.