Naomba ushauri: libel na slander tuziiteje kwa Kiswahili?

Waheshimiwa, natafsiri makala kuhusu sheria ya Uingereza, na nimekwama kwenye maneno mawili ambayo kwetu yote huitwa kashfa. Libel ni kashfa yenye umbo la kudumu, kama maandishi au picha, ilhali slander ni ile inayotamkwa na kupita, ambayo kwa kawaida humlazimu mlalamikaji kuthibitisha hasara aliyoipata. Insult halinisumbui, hilo ni tusi. Nilifikiria “kashfa ya maandishi” na “kashfa ya mdomo”, lakini matangazo ya redio yanavuruga mpango huo, kwa kuwa hutamkwa na bado sheria huyahesabu kuwa libel. Je, “kashfa ya kudumu” na “kashfa ya kupita” zitaeleweka kwa wanasheria, au mahakamani ipo istilahi iliyokwisha kuzoeleka?