Sheria za kufungia magazeti: zimelegea, au zimebadilisha nguo tu?

Mpanga_Kurasa (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Nimepanga kurasa za magazeti miaka mingi, na kila mtu anaponiambia "siku hizi mambo yamelegea" namuuliza: yamelegea wapi? Naomba tujadili sheria zenyewe. Vyama tuviache mlangoni.

Mkoloni alituachia sheria ya magazeti ya 1928. Tulipopata uhuru hatukuitupa. Mwaka 1968 tukaiongezea: Rais akiona inafaa kwa maslahi ya taifa, analifunga gazeti. Mwaka 1976 ikaja Sheria ya Magazeti namba 3, na kifungu cha 25 kikampa waziri rungu hilo. Akiona inafaa, anatoa amri katika Gazeti la Serikali na kazi imekwisha. Gazeti moja linatumika kuliua jingine. Tume ya Jaji Nyalali, ile ya mfumo wa vyama vingi, ikaja kuiweka sheria hiyo kwenye orodha ya zile 40 kandamizi. Orodha ilitoka mwaka 1992, sheria ikafutwa 2016. Miaka 24!

Iliyochukua nafasi yake ni Sheria ya Huduma za Habari. Zamani ulisajili gazeti mara moja. Sasa ni leseni, na leseni ni ya mwaka mmoja mmoja. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha ikasema vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Februari 2022 waziri Nape Nnauye akayarudishia leseni Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, watu wakapiga makofi. 2023 Bunge likapunguza makali ya adhabu.

Mimi sikupiga makofi. Kilichorudishwa kwa mkono wa waziri kinaweza kuchukuliwa kwa mkono huo huo. Kipimo changu ni kimoja: anayefunga ni serikali au hakimu? Kwa kipimo hicho tuko pale pale pa 1976. Nipingeni.

Kijana_wa_Mabibo
Umeandika vizuri mkuu, ila unazungumzia maiti. Nani ananunua gazeti leo? Mara ya mwisho kulishika lilikuwa limefungiwa maandazi. Waziri kafungia, mama ntilie kafungia, tofauti iko wapi? Vita iko mtandaoni. Kanuni za maudhui za 2018 zilitaka mwenye blogu alipe laki moja ya maombi, milioni ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Ukikaidi, faini isiyopungua milioni tano au jela isiyopungua miezi 12, au vyote viwili. Huo ndio ufungiaji wa kizazi chetu. Hakuna aliyetumiwa barua ya kufungiwa, watu walizima blogu wenyewe kwa kukosa hela.

Mlinzi_wa_Amani
Kila siku sheria kandamizi, sheria kandamizi. Mmesahau Rwanda 1994? Redio ya RTLM ilitangaza watu wauawe, gazeti la Kangura lilikuwa limeshapanda chuki miaka kabla. Nchi isiyo na rungu la kufunga vyombo kama hivyo inacheza na moto. Bora gazeti moja lifungwe kuliko kijiji kichomwe.

Mama_Meza_ya_Magazeti
Wewe Kijana wa Mabibo, soma polepole. Nimeuza magazeti kituo cha daladala miaka 19. Hayo "maiti" yamenisomeshea watoto watatu. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshayapokea kwa wakala na kuyapanga, na watu wakasimama mbele ya meza yangu wakisoma vichwa vya habari bure, sikumfukuza hata mmoja. Kabla ya hizo bando zenu, mtu asiye na shilingi aliijua habari ya nchi yake kwa kusimama pale. Usilinganishe waziri na mama ntilie. Mama ntilie hakuwahi kunitia hasara.

Kijana_wa_Mabibo
Shikamoo mama. Sikumtukana mtu. Nimesema ukweli kuhusu maandazi.

Mama_Meza_ya_Magazeti
Marahaba. Ukweli huo umeutoa wapi, wakati umekiri hujashika gazeti? Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipositisha leseni za mtandaoni za Mwananchi kwa siku 30, kwa sababu ya ile katuni ya video, karatasi iliendelea kuuzwa. Mezani kwangu ilikuwepo kila siku. Huo mtandao mnaouita uhai ndio uliozimika, na maiti ikatembea.

Fundi_Saa
Mama kafunga hesabu hapo!

Mtaalamu_wa_Afya_Kata
Tukiwa kwenye maandazi, naomba niseme jambo. Kufungia chakula cha moto kwa karatasi ya gazeti si salama, wino unahamia kwenye mafuta. Tumieni karatasi safi.

Kijana_wa_Mabibo
Bibi yangu kanilea kwa maandazi ya gazeti na nipo hai, daktari.

Mtaalamu_wa_Afya_Kata
Sijasema utakufa leo. Na mimi si daktari, ni afisa afya.

Mpanga_Kurasa
Jamani. Nimeuliza swali la sheria.

Mlinzi wa Amani nakujibu, maana hoja yako ni nzito na inarudiwa kila mahali bila kuchunguzwa. RTLM haikuwa redio ya wapinzani iliyokosa waziri wa kuifunga. Iliundwa na watu wa karibu na utawala. Waziri yeyote wa serikali ile angekuwa na rungu la kwetu la 1976, unadhani angeipiga RTLM? Angezipiga sauti zilizokuwa zinaonya. Walioziendesha RTLM na Kangura walikuja kutiwa hatiani mwaka 2003, na hukumu ilisomwa hapa hapa kwetu, Arusha. Ilitolewa na mahakama, ushahidi ukiwa mezani na washtakiwa wakiwa na mawakili. Mfano wako mwenyewe unasimama upande wangu.

Mlinzi_wa_Amani
Walihukumiwa baada ya watu kufa. Mimi nazungumzia kabla. Na mwenzetu acha kunifundisha Rwanda, nilikuwa Ngara mwaka 1994, niliwaona wakivuka Rusumo na magodoro kichwani. Wewe ulikuwa unapanga kurasa Dar.

Mpanga_Kurasa
Pole kwa uliyoyaona, na ninaheshimu. Hata hivyo swali bado lipo: kabla hawajavuka, nani alikuwa na uwezo wa kuifunga redio ile, na kwa nini hakuifunga?

Mzee_Mwongozo
Nimevumilia. Mwanzisha mada ameandika kuhusu 1968 kama vile Mwalimu alikuwa dikteta. Vijana, Mwalimu alijua maana ya kushtakiwa kwa maandishi. Mwaka 1958 wakoloni walimfikisha mahakamani kwa kashfa, kwa aliyoyaandika katika Sauti ya TANU kuhusu wakuu wa wilaya. Akaambiwa faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Msimfundishe uhuru wa habari mtu aliyeulipia.

Mpanga_Kurasa
Mzee wangu, sikumwita dikteta, na kesi ya 1958 naijua. Ndiyo inayoniuma. Aliyelipa faini ile ndiye aliyekuwa Rais mwaka 1968 kipengele kilipoongezwa. Sisemi kwa kumdharau. Nasema mtu mwema akiachiwa rungu anajiambia atalitumia kwa wema, kisha anaondoka na rungu linabaki.

Mzee_Mwongozo
Mazingira, kijana. Msumbiji ilikuwa vitani, Rhodesia ilikuwa vitani, majasusi walijaa Dar es Salaam. Gazeti la Standard lilikuwa mali ya kampuni ya kigeni mpaka lilipotaifishwa 1970. Ulitaka nchi changa isemewe na kampuni ya kigeni?

Binti_Kigamboni
Mzee, shikamoo. Vita ya Msumbiji na Mreno iliisha 1974, Sheria ya Magazeti ikatungwa 1976. Rhodesia ikawa Zimbabwe 1980, makaburu wakaondoka 1994. Sheria ikaishi hadi 2016. Inamlinda nani na jasusi yupi?

Mzee_Mwongozo
Marahaba mwanangu. Ungeishi enzi zile usingeuliza.

Binti_Kigamboni
Ningeuliza, mzee. Labda nisingechapishwa.

Mwana_wa_Ng'ambo
Nyie wa Bara munazungumza kama kwamba sie hatumo. Hiyo sheria ya 2016 imejiandika wenyewe kuwa ni ya Tanzania Bara. Sie Zanzibar tuna yetu, namba 5 ya 1988. Gazeti la Dira lilifungiwa 2003 kwa sheria hiyo, na halikurudi. Kila mukisherehekea marekebisho huko Dodoma, sie tunasoma habari tu. Muweke na hilo katika hesabu zenu.

Mpanga_Kurasa
Umenikumbusha na nakiri nililiacha. Samahani sana.

Kijana_wa_Mabibo
Halafu kuna mtu kasema juu huko kwamba Tanzania Daima lilifungwa na waziri 2020...

Binti_Kigamboni
Hakuna aliyesema hivyo, umesoma haraka. Lakini kwa faida ya wote: Juni 2020 aliyefuta leseni ni Mkurugenzi wa Idara ya Habari, Maelezo. Na hapo ndipo naona sheria mpya ilivyobadilika kweli, Mpanga Kurasa, kwa hiyo sikubali neno lako la "pale pale". Enzi za 1976 waziri alilazimika kusimama na kusema "nimefunga", na historia ikamwandika jina. Sasa ni suala la leseni, na ofisa anasema umekiuka masharti. Ufungaji umegeuka kuwa kazi ya ofisini. Mimi naona ni hatari zaidi ya 1976, maana haufanani na ufungaji.

Mpanga_Kurasa
Hoja hiyo inanishinda, dada. Nikiandika upya nitaanzia hapo.

Mlinzi_wa_Amani
Mnaongea kama vile wanaofungwa ni wapinzani tu. Uhuru lenyewe, gazeti la CCM, lilifungiwa siku 14 Agosti 2021 kwa kuandika kwamba Rais Samia hatagombea 2025. Sheria ni msumeno.

Fundi_Saa
Hapo umejichoma mwenyewe. Gazeti la chama tawala linafungwa bila kupita kwa hakimu, sasa sisi wengine je?

Mkaazi_wa_Eastleigh
Majirani, niwape ya Nairobi. Sisi tulifuta kosa la uchochezi kwenye sheria mwaka wa 1997. Katiba ya 2010 ikaweka uhuru wa vyombo vya habari waziwazi. Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema kashfa ya jinai, kifungu cha 194, inakiuka Katiba. Kwenye karatasi tuko mbele yenu. Kisha 30 Januari 2018, siku Raila alipojiapisha Uhuru Park, serikali ikazima Citizen, NTV na KTN. Mahakama ikaamuru warudishwe hewani, amri ikapuuzwa siku kadhaa. Hicho kipimo cha Mpanga Kurasa, hakimu au serikali, kwetu hakimu alikuwepo na hakusikizwa.

Binti_Kigamboni
Lakini mlijua kwamba amri imevunjwa. Huo nao ni utajiri, kaka. Huku mtandao wa X ulizuiwa Mei 2025, na watu wameuzoea kama mgao wa maji. Wanawasha VPN, maisha yanaendelea.

Kijana_wa_Mabibo
Narudi kwa mama. Nimesoma tena niliyoandika, kweli niliteleza kulinganisha. Lakini umesema waziri alikutia hasara. Ilikuwaje? Gazeti likifungiwa, muuzaji anapoteza nini wakati kosa si lake?

Mama_Meza_ya_Magazeti
Asante kwa kuuliza, maana hapa mmezungumza mawaziri, majaji na mabunge, hamkumtaja muuzaji. Gazeti la wiki ndilo lililokuwa likiniingizia, lina siku saba za kuuzika. Lile nisilotaja jina lilifungiwa likiwa na siku mbili tu mezani. Nilikuwa nimechukua nakala 60 kwa pesa taslimu, kwa sababu wakala wangu wakati ule hakupokea mabaki. Nilikuwa nimeuza 22. Mchana akaja mtu akaniambia nizitoe mezani, nikazitoa. Wakala akasema hilo si lake. Nakala 38.

Kijana_wa_Mabibo
Ukazifanya nini?

Mama_Meza_ya_Magazeti
Jirani yangu alikuwa anauza maandazi. Nikampa zote. Asubuhi yake watu wakawa wananunua andazi moja, wanasimama pale pale kusoma kipande, kisha wanamwuliza kama kipande kinachofuata kipo. Kuna mzee alinunua maandazi manne kwa safari nne mpaka akapata ukurasa wa tatu wote.

Mtaalamu_wa_Afya_Kata
Mama, huyo mzee aliyala yote manne?

Mama_Meza_ya_Magazeti
Mawili alimpa kondakta.