Anthropolojia na udaktari vinakutana wapi, au ni stori za wasomi tu?

KaimuDokta

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linanisumbua naomba mnieleweshe, wa mambo ya jamii na wa hospitali mje wote.

Niko mwaka wa mwisho udaktari, sasa hivi tuko wodi ya magonjwa ya ndani. Kuna mzee kalazwa mara ya tatu, presha iko juu vibaya, kila akiruhusiwa anatoka na dawa zake mkononi, akifika nyumbani hamezi. Mimi kwenye faili nikaandika kama tunavyoandikaga siku zote, "mgonjwa hafuati maelekezo ya dawa", nikahamia kitanda kinachofuata. Jioni nesi mmoja wa siku nyingi anambadilishia shuka akamuuliza kama utani tu, baba hizi dawa unaogopa nini? Mzee akafunguka. Kumbe kaka yake alianza kumeza dawa hizihizi na hakumaliza mwaka, akafa, kwa hiyo kwa yeye kidonge cha presha ndo mwanzo wa safari. Halafu presha anaijua kwa kichwa kuuma, kichwa kikiacha basi presha imeshuka, sasa ameze ya nini?

Yaani mimi nilishampima figo, moyo, mpaka nyuma ya macho nilichungulia, ila hilo sikulijua. Nikamsimulia jamaa yangu anayesoma anthropolojia, ile ya kuchunguza watu wanavyoishi na wanavyoamini, akacheka akasema hiyo ndo kazi yetu. Sasa naomba kujua, hii anthropolojia ya tiba inamsaidia mgonjwa kweli au ni kukusanya stori zake ukaandikie tasnifu? Na unavichanganyaje viwili bila kuishia kumwambia mtu kila anachoamini ni sawa?

---

BibiMadodoso

Mdogo wangu karibu, huyo nesi amefanya anthropolojia bila ada ya chuo 😀

Iko hivi. Lugha yetu yenyewe inatofautisha, tunasema mtu ana ugonjwa na tunasema mtu anaumwa. Ugonjwa ni kile ulichokiona kwenye kipimo. Kuumwa ni kile anachokiishi mwenyewe, hofu, aibu, kazi iliyosimama, majirani wanasemaje, na nani wa kulaumiwa. Unaweza kuwa na ugonjwa na huumwi kabisa, presha ndo mfano wa kwanza, na unaweza kuumwa mpaka ukalala chini na vipimo vikatoka safi. Daktari kafundishwa la kwanza, la pili anaokota njiani.

Arthur Kleinman, daktari wa akili wa Marekani ambaye pia ni mwanaanthropolojia, alifanya utafiti sana Taiwan, na mwaka 1978 yeye na wenzake wawili waliandika makala kwenye jarida la madaktari kabisa, sio la wanajamii. Wakapendekeza maswali ya kumuuliza mgonjwa: hili tatizo wewe unaliitaje, unadhani limetokana na nini, kwa nini lilianza wakati ule lilipoanza, linakufanya nini mwilini, unaogopa nini zaidi, unategemea tiba gani. Angalia hapo, la nesi wako limo neno kwa neno.

Na usije ukadhani ni mambo ya watu ambao hawakusoma. Mwaka 1980 ilitoka makala ya utafiti wa wagonjwa wa presha Seattle, Wamarekani na kliniki yao nzuri, wengi walielewa kwamba ni ugonjwa wa mawazo na msongo, kwa sababu jina lake kwa Kiingereza, hypertension, linasikika hivyo, "tension" ni msongo. Mtu anajua nikitulia imeisha. Tofauti yake na mzee wako ni nini? Huyu kaangalia kichwa, wale wakaangalia stresi.

---

MzeeWaFoleni

Sawa bibi umeeleza vizuri lakini njoo kwenye uhalisia. Mimi ni tabibu miaka kumi na tisa, kwa siku naweza kuona watu sitini na zaidi peke yangu, nikianza kumuuliza kila mtu eti wewe unaliitaje hili tatizo saa nane mchana nitakuwa na mgonjwa wa kumi na huko nje wanapigana. Malaria haijali unaiitaje, ukipata dawa sahihi kwa dozi sahihi wadudu wanakufa hata kama unaamini umerogwa na shangazi.

Nitajieni ugonjwa mmoja, mmoja tu, uliotatuliwa na mtu wa madaftari na kinasa sauti. Nobeli za udaktari wanapata watu wa maabara.

---

njiapanda77

Nimeweka mkeka hapa 🍿

---

Kisu_Butu

@MzeeWaFoleni mkuu hapo kwenye Nobeli umeingia kwenye kumi na nane zangu.

Kuru. Watu wa Fore, nyanda za juu za mashariki Papua New Guinea. Miaka ya 50 walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa ajabu, mtu anaanza kutetemeka, anashindwa kusimama, baadae hata kumeza hawezi, ndani ya mwaka hivi amekwisha. Na walikuwa zaidi wanawake na watoto, wanaume wazima wachache. Madaktari wakaona unafuata familia wakasema huu ni wa kurithi. Wafore wenyewe walisema ni uchawi.

Mwanzoni mwa miaka ya 60 wakaenda wanaanthropolojia wawili, Shirley Lindenbaum na Robert Glasse, na silaha yao ilikuwa hayohayo madaftari unayoyacheka. Wakakaa na watu wakichora nani ndugu wa nani, wakagundua kwamba "familia" za Wafore sio lazima damu, mtu anaweza kuwa ndugu yako kwa sababu mnaishi pamoja na mnasaidiana, kwa hiyo ile hoja ya kurithi ikaanza kuvuja. Wakauliza wazee kuru ilianza lini, wazee wanakumbuka, haikuwa ya mababu, ilikuja ndani ya maisha yao. Ugonjwa wa kurithi haufiki ghafla na kusambaa hivyo. Wakauliza na hili, desturi ya kula mwili wa marehemu kwenye msiba ilianza lini na anayekula ni nani. Hiyo nayo haikuwa ya zamani sana, na waliokuwa wanakula, hasa ubongo, ni wanawake na watoto. Wanaume wazima wengi hawakuwa wakigusa.

Hapo unaona ramani ya ugonjwa na ramani ya msiba zinakaa juu ya mwenzake. Maabara ikaja kuthibitisha, sokwe waliodungwa ubongo wa marehemu wa kuru wakaugua, ikaripotiwa 1966, na Carleton Gajdusek, daktari aliyeongoza utafiti huo wa maabara, akachukua Nobeli 1976. Kwa hiyo ni kweli Nobeli ilienda maabara, ila aliyejua nani alikula nini ni watu wa madaftari. Desturi yenyewe iliachwa karibu 1960 na baada ya hapo watoto waliozaliwa hawakuugua, ingawa wakubwa waliendelea kufa miongo kadhaa mbele maana unaweza kukaa mwilini hata miaka hamsini.

---

MzeeWaFoleni

Haya hiyo nimeikubali, ya sokwe nilikuwa naijua, ya madaftari sikuijua. Lakini hiyo ni utafiti. Kaimu kauliza mambo ya mgonjwa, na hajajibiwa lile la imani zote kuwa sawa.

---

BibiMadodoso

Kuelewa sio kukubali. Ebola Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000. Wagonjwa 425, waliokufa 224. Watu walikuwa wanaficha wagonjwa wao, wakionekana wajinga. Akaenda mwanaanthropolojia Barry Hewlett akishirikiana na WHO, akauliza watu mnakimbia nini. Wakasema mtu akiingia kule hatoki, na akifa anazikwa pembeni ya uwanja wa ndege ndugu hawajamuona hata kwa mbali, unajuaje kama ni mwili wake, unajuaje kama mwili haujatolewa viungo. Hiyo sio imani potofu, hata wewe ungekimbia.

Halafu ndo pale patamu. Waacholi, wenyeji wa huko Gulu, wana jina la maradhi yanayokuja kama upepo na kuua wengi kwa mpigo, gemo, na yakishaitwa gemo kuna sheria zake. Mgonjwa anatengwa nyumba ya peke yake, mlangoni zinasimamishwa nguzo za majani marefu watu wajue wasiingie, anayemhudumia ni yule aliyewahi kuugua akapona, watu wanakaa kwao hawatembeleani, ngoma zinasimama, na aliyepona anakaa karibu mwezi mwingine ndio achanganyike. Soma tena taratibu. Hapo kipi kinagombana na daktari? Lakini kuosha na kugusa maiti kwenye mazishi kuliua watu, na hilo halikubembelezwa, lilisimamishwa. Kwa hiyo unachukua kinachookoa, unazuia kinachoua, na ukizuia unatoa mbadala, ndugu asimame pale aone kaburi. Ebola ya mwaka 2014 Afrika Magharibi ilibidi somo hilohilo lijifunzwe upya, ndo WHO ikaongeza neno heshima kwenye mwongozo wa mazishi salama, na watu walikuwa wameshakufa wengi.

---

Haambiliki

Naongeza chumvi kidogo maana naona tunaelekea kusema kila kitu ni utamaduni. Huo ni ugonjwa wa wanaanthropolojia, bibi samahani. Mtu hajameza dawa, haraka haraka "imani zake".

Haiti, kule vijijini katikati ya nchi, kina Paul Farmer, daktari na mwanaanthropolojia kwa pamoja, walifuatilia wagonjwa wa kifua kikuu makundi mawili. Wote matibabu bure. Kundi moja likaongezewa pesa kidogo kila mwezi, chakula, na mhudumu wa kijiji anayewapitia nyumbani. Wakawauliza pia kuhusu uchawi, wengi sana walisema ndio, kurogwa kunaweza kusababisha. Waliokuwa na msaada walipona wote, wengine walipona kama nusu tu. Na aliyeamini uchawi alimeza dawa sawasawa na asiyeamini. Kilichokuwa kinawashinda ni njaa na umbali, sio mganga.

Kwa hiyo Kaimu ukishamuuliza mzee anaogopa nini, muulize na kingine: dawa zikiisha nani anakuletea, na ile nauli inatoka wapi.

---

KaimuDokta

Jamani nimesoma yote, mengine mara mbili. Leo asubuhi nimekaa kwa mzee dakika kama saba hivi (MzeeWaFoleni usinipige), nikamuuliza kaka yake alianza dawa akiwa katika hali gani. Akafikiria akasema alipelekwa keshapooza upande mmoja. Nikamwambia baba, basi dawa zilimkuta njiani anakwenda, hazikumpeleka. Akanyamaza muda. Hajaniambia atameza, kaniuliza tu kama mimi ndo nitakuwepo kliniki mwezi ujao. Ya nauli nimeuliza pia, ni kijana wake, na hawaongei tangu mwaka jana.

Sasa nimerudi kwenye faili na ile sentensi yangu bado ipo. Fomu ina sehemu ya historia ya familia, ina mizio, ina dawa za zamani, hili la kaka na la kijana naliweka wapi?

---

MzeeWaFoleni

Pembezoni dogo, andika pembezoni. Kwa penseli kama unamuogopa bosi wako. Mimi nina mafaili yamejaa pembezoni huko, sikujua tu kama yana jina.